Mtungi wa Gesi kwenye Karatasi ya Kura

Ranil Wickremesinghe aligombea urais wa Sri Lanka, Septemba 2024, kwa alama ya mtungi wa gesi. Dereva wa bajaji aliyenichukua stesheni ya Colombo Fort alinionyesha bendera zenye mtungi huo kwa kidevu tu, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini, kisha akacheka peke yake hadi taa za barabarani zikabadilika.

Mwaka 2022 nchi hii iliishiwa dola. Aprili 12 serikali ilitangaza kwamba haiwezi tena kulipa madeni ya nje. Umeme ulikuwa umeshafikia kukatwa saa 13 kwa siku, petroli ikawa ya kulalia foleni, na watu wakapanga mitungi mitupu kando ya barabara huku wameifunga minyororo, asije mjanja akasogeza wake mbele usiku. Julai 9 waandamanaji waliingia makazi rasmi ya Rais, wakaogelea kwenye bwawa lake mbele ya kamera za dunia nzima. Siku nne baadaye Rais huyo, Gotabaya Rajapaksa, alirukia Maldives, na kutoka huko akaenda Singapore. Bunge likamchagua Ranil kumalizia muhula, kwa kura 134. Huyu ni mzee aliyewahi kuwa waziri mkuu mara sita, na ambaye chama chake kwenye uchaguzi wa 2020 hakikupata kiti hata kimoja cha jimbo; aliingia bungeni kwa kiti kimoja tu cha orodha ya taifa.

Kufikia uchaguzi huo gesi ilikuwa imerudi madukani, na Ranil alitaka mpiga kura akumbuke ni nani alizimaliza foleni. Wengine waliuita ujanja. Mimi niliuona ufedhuli.

“Gesi ipo,” dereva aliniambia tulipokaribia Nugegoda. “Ya kuinunulia ndiyo haipo.”

Ranil alisimama kama mgombea binafsi, jambo ambalo kule halimshangazi mtu. Mtanzania lazima litamgusa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania mahakamani miaka na miaka, akashinda mpaka Mahakama ya Afrika mwaka 2013, akafariki 2015 bila kuliona jina la mgombea binafsi kwenye karatasi yetu ya kura.

Nilipanga chumba kwa mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Anti, nami nikafuata mkumbo. Kule, kama kwetu, serikali ikitaka makarani wa uchaguzi huwageukia walimu, na Anti alikuwa ameketi kwenye meza za vituo vya kura tangu ujana wake. Asubuhi alikuna nazi, akaichanganya na pilipili ya unga, kitunguu na ndimu, tukala na mkate huku gazeti likiwa wazi katikati ya meza. Nilipomuuliza karatasi ya kura ikoje, hakunieleza. Alichukua mkasi, akakata ukanda wa gazeti kutoka juu hadi chini, akaongezea kipande kingine kwa gundi ya shule.

“Hivi,” akasema. Ulining’inia nje ya meza.

Karatasi ya mwaka huo ilikuwa na majina 39 na ilizidi nusu mita kwa urefu. Mmoja wa hao 39 alishafariki Agosti, lakini jina lake lilibaki kwa kuwa uteuzi ulikuwa umefungwa. Mwanamke hakuwemo hata mmoja, katika nchi iliyoipa dunia waziri mkuu wa kwanza mwanamke, Sirimavo Bandaranaike, mwaka 1960. Kila jina na alama yake: Anura Kumara Dissanayake dira, Sajith Premadasa simu, Namal Rajapaksa chipukizi la ua, na mzee wetu wa gesi.

Anti alinifundisha kuikunja. Kwanza kwa upana, ili wino usiguse jina la jirani, kisha mara mbili kwa urefu. Alikunja taratibu akipitisha ukucha kwenye mkunjo, kama vile wakala wa chama amesimama nyuma yake. Halafu akanieleza namba. Unaweka alama ya X mbele ya mtu wako, au 1. Ukipenda, unaandika 2 kwa chaguo lako la pili na 3 kwa la tatu. Asipopatikana wa kuvuka nusu ya kura halali, wanabaki wawili wa juu. Wengine wote wanaondolewa kwa mpigo, na kura za walioondolewa zinafunguliwa tena kuona wenyewe waliandika nani wa pili. Hakuna duru ya pili ya kurudisha watu vituoni wiki kadhaa baadaye, wala gharama yake, wala joto lake. Tangu urais ulipoanza kupigiwa kura 1982 hadi 2019, chaguzi nane, mshindi alivuka nusu mara ya kwanza.

“Nimewaelekeza watu kuandika 2 miaka yote hiyo,” Anti alisema. “Sijaona siku hata moja 2 ikisomwa.”

Daftari la wapiga kura ndilo lililonivutia zaidi, ingawa msafiri halioni kwa macho. Halitegemei msimu wa kujiandikisha wala mashine za alama za vidole. Linamtegemea mtu anayeitwa grama niladhari, ofisa wa chini kabisa wa serikali: chukua mtendaji wa kijiji, mchanganye na balozi wa nyumba kumi wa enzi zile, mpe ofisi yenye feni. Wako zaidi ya 14,000 kisiwani. Anajua nani amezaliwa, nani ameolewa akahama, nani amekufa na mwanawe hataki kusema ili posho ya mzee isikatike. Kila mwaka orodha inapitiwa upya. Uchaguzi ukiitishwa, kazi kubwa imeshafanyika, na tarishi wa posta ndiye anayepeleka kadi ya mpiga kura nyumba kwa nyumba. Walio kazini siku ya kura, yaani polisi, askari na watumishi wengine wa umma, hupiga mapema; mwaka huo zaidi ya watu 700,000 waliidhinishwa kupiga kura za posta mwanzoni mwa Septemba.

Mazoea hayo ni ya zamani. Kila mtu mzima alianza kupiga kura kisiwani humu 1931, wanaume kwa wanawake, kwa katiba iliyotokana na tume ya Donoughmore. Wanawake wa Uingereza yenyewe walikuwa na miaka mitatu tu tangu wapate haki sawa na wanaume. Tanganyika, chini ya wizara ileile ya makoloni, mwaka 1958 mtu bado alitakiwa kuwa na kipato fulani au shule fulani ndipo aruhusiwe kupiga kura, tena kwa lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wazee wetu wa TANU walikaribia kugawanyika juu ya hilo kule Tabora.

Siku chache kabla ya uchaguzi nilipanda treni ya kwenda milimani. Ukishapita Nawalapitiya reli inaanza kujipinda, behewa la nyuma linaliona la mbele, na chai inashika kila upande mpaka Hatton. Watalii walikaa mlangoni miguu nje wakipigana picha. Mimi nilikuwa na shida na upande wa pili wa picha hizo.

Watu wa mashamba ya chai ni Watamili ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka kusini mwa India kuanzia karne ya kumi na tisa, kwanza kwa ajili ya kahawa. Walipiga kura 1931, na katika uchaguzi wa 1947 chama chao kiliingiza wabunge kadhaa. Mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru, na kabla mwaka haujaisha Bunge jipya lilipitisha sheria ya uraia iliyowaacha nje. Baada ya sheria hiyo, majina yao yalitolewa kwenye daftari la wapiga kura. Watu wapatao 700,000 walijikuta hawana nchi. Mwaka 1964 serikali za Colombo na Delhi ziligawana watu hao kwa hesabu, laki tano na ushei wapelekwe India, wengine wabaki. Sheria iliyofunga suala hilo kwa waliokuwa wamebaki ilikuja 2003.

Nilipelekwa kwenye nyumba za layini na kijana anayeuza simu mjini Hatton, ambaye bibi yake bado anaishi humo. Layini ni layini kokote: jengo moja refu, milango imefuatana, chumba kimoja na kibaraza, moshi wa kuni umeupaka ukuta weusi hadi juu. Kadi ya mpiga kura ilikuwa imechomekwa nyuma ya kalenda ya mungu Murugan. Bibi, ambaye wote tulimwita Amma, alitoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake cheti cha uraia. Alizaliwa shamba hilohilo. Mama yake pia. Kura yake ya kwanza aliipiga akiwa tayari ana wajukuu.

Kijana alitafsiri kwa uvivu, kwa kuwa hadithi hii ameisikia mara nyingi. Aliamka tulipofika kwenye mshahara. Ujira wa mchuma chai ulikuwa umetoka kupandishwa hadi rupia 1,350 kwa siku, wakati dai lilikuwa 1,700.

“Wote wamekuja hapa wakaahidi 1,700,” Amma alisema. “Mtungi, simu, dira. Mimi nina moja, mbili na tatu. Kila mmoja atapata yake.”

Sikumuuliza nani ni wa kwanza. Kijana alimuuliza, akapigwa kofi la begani.

Njiani kurudi ndipo fikra zangu juu ya nchi hii zilipokaa sawa. Sisi tunapozungumzia wizi wa kura tunawaza sanduku: kura feki, fomu iliyochezewa, umeme unaokatika saa nane usiku kwenye ukumbi wa kuhesabia. Sri Lanka nayo iliyaonja. Uchaguzi wa jimbo la Kaskazini Magharibi Januari 1999 ulivurugwa kwa nguvu mchana kweupe, mpaka leo ukiutaja watu wanakunja uso. Lakini wakubwa wa nchi hii wamezoea kuiba kwa njia nyingine. Wanaacha sanduku salama mikononi mwa walimu, wanamwondoa mpiga kura kwenye orodha, kama walivyowafanyia watu wa Amma. Au wanaiondoa siku yenyewe.

Serikali iliyochaguliwa Mei 1970 ilipaswa kurudi kwa wananchi 1975. Katikati ya safari iliandika katiba mpya, 1972, ikaanza kuhesabu miaka mitano upya, ikakaa hadi 1977. Mwaka huo J. R. Jayewardene akashinda viti 140 kati ya 168. Akaandika katiba yake, akajipa urais wenye mamlaka yote, na ulipokaribia wakati wa kuchagua wabunge wengine alihofu kuupoteza wingi ule. Desemba 22, 1982 akaitisha kura ya maoni: Bunge lililopo liendelee miaka sita zaidi, ndiyo au hapana. Alama ya ndiyo ilikuwa taa. Ya hapana, chungu. Taa ilishinda kwa asilimia 54 na ushei, na mtoto aliyezaliwa wananchi walipochagua Bunge hilo alikuwa karibu na miaka kumi na miwili walipochagua lingine, 1989. Katikati ya miaka hiyo ndipo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kaskazini vilipolipuka. Sisemi taa ndiyo iliyowasha moto huo, ila vijana wa kusini na wa kaskazini walikuwa wamefungiwa mlango uleule.

Mara moja siku ilivutwa mbele badala ya kusogezwa nyuma. Oktoba 2018 Rais Maithripala Sirisena alimfukuza waziri mkuu, huyohuyo Ranil, akamweka rais wa zamani Mahinda Rajapaksa, na alipoona kura za wabunge hazitoshi akalivunja Bunge kabla ya wakati. Kwenye ukumbi uliosanifiwa na Geoffrey Bawa katikati ya ziwa la Diyawanna, jengo tulivu kuliko yote niliyowahi kuyaangalia kwa mbali, wabunge walirushiana unga wa pilipili. Desemba 13 majaji saba wa Mahakama ya Juu walisema kwa sauti moja kwamba Rais alivunja katiba. Ranil akarudi ofisini.

Huyo aliyeokolewa na mahakama mwaka 2018 ndiye, akiwa Rais na Waziri wa Fedha, aliyeacha uchaguzi wa madiwani ukafa kwa njaa. Ulipangwa Machi 9, 2023. Wagombea zaidi ya 80,000 walishapitishwa. Hazina ikasema haina fedha, na mpiga chapa wa serikali akasema hachapi karatasi za kura kwa mkopo. Ranil aliliambia Bunge kwamba hakuna uchaguzi wa kuahirishwa, maana haukuwahi kuwepo. Watumishi wa umma waliochukua likizo ili wagombee walining’inia, si wagombea tena wala si wafanyakazi kamili. Halmashauri zikamaliza muda wao, zikabaki na makatibu.

“Mtaro wa mbele ya nyumba yangu unafurika kila mvua,” Anti alisema. “Zamani nilimfuata diwani nyumbani kwake jioni, akiwa anakula. Sasa nimfuate nani? Katibu hana mtaa.”

Agosti 22, 2024, mwezi mmoja kamili kabla ya kura za urais kumaliza kuhesabiwa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kushindwa kuufanya uchaguzi ule kulivunja haki za msingi za wananchi. Julai ya mwaka huohuo mfanyabiashara mmoja alikuwa amekwenda mahakamani akidai haijulikani kama muhula wa rais ni miaka mitano au sita, uchaguzi usimamishwe kwanza. Ombi lilitupwa na akalipishwa gharama. Nadhani bila maamuzi ya aina hiyo Amma angekuwa na kadi nyuma ya kalenda na asiwe na siku ya kuitumia.

Jumamosi Septemba 21 vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi. Chetu kilikuwa ukumbi wa hekalu la Kibudha, na mimi nikajiweka kwenye kibanda cha chai ng’ambo ya barabara, mgeni asiye na kitambulisho chochote cha uangalizi. Hakukuwa na la kuandika. Watu walikuja wawili wawili, wengine wamevaa nyeupe, wakavua viatu, wakaingia, wakatoka wakipuliza kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Ndani, Anti alinieleza, karani husoma jina na namba yako kwa sauti ili mawakala wa wagombea wote wasikie na wakate kwenye orodha zao. Mwenye pingamizi aseme hapohapo. Mchinja kitimoto wa jirani, mtu wa kelele, alitoka amenyamaza kimya. Saa kumi jioni geti lilifungwa, na baadaye kidogo basi la kukodi likaja kuchukua masanduku, polisi wawili mlangoni, na pikipiki za mawakala nyuma yake mpaka kwenye kituo cha kuhesabia. Kule hawahesabii vituoni. Nilimwambia Anti kwamba kwetu tusingekubali sanduku litembee. Akasema kwao wasingekubali kijiji kizima kijulikane kimempa nani, hasa milimani, ambako meneja wa shamba angesoma matokeo ya layini zake. Sikuwa na jibu zuri.

Tume ya Uchaguzi ilisema siku imepita kwa utulivu kuliko chaguzi zote za nyuma. Kisha ikatangazwa kafyu, kuanzia saa nne usiku. Eti tahadhari. Sikuipenda, maana nchi iliyotoka kusifiwa kwa utulivu inafungiwa ndani kama mtoto mtukutu, lakini mtaani hakuna aliyelalamika. Duka la kona liliuza mikate yote ndani ya nusu saa.

Anti alikuwa na daftari la shule la mistari. Alilichora kwa rula: wilaya 22 za uchaguzi, majimbo madogo 160, safu nne za wagombea na ya tano ameandika “wengine.” Televisheni ilitoa matokeo jimbo kwa jimbo, kura za posta kwanza. Kila takwimu aliirudia kwa mdomo, akaiandika, akajumlisha pembeni kwa penseli. Majirani wawili waliruka ukuta kwa sababu lango lingeonekana barabarani. Dira iliongoza tangu mwanzo kwenye kura za watumishi wa umma. Usiku ulipozidi, kaskazini, mashariki na Nuwara Eliya ya chai zikaenda kwa simu, na ile asilimia ya Anura ikaanza kushuka taratibu kutoka hamsini. Asubuhi ilikuwa wazi kwamba hatavuka.

Jumapili mchana mwenyekiti wa Tume, R. M. A. L. Rathnayake, akatangaza kwamba chaguo la pili litahesabiwa. Anti alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Matokeo ya kwanza: Anura Kumara Dissanayake kura 5,634,915, sawa na asilimia 42.31. Sajith Premadasa 4,363,035. Ranil 2,299,767, yaani asilimia 17 tu kwa mtu aliyekuwa madarakani na mitungi imejaa. Namal Rajapaksa, mtoto wa ukoo ulioitawala nchi kama shamba la familia, hakufika asilimia 3. Waliojitokeza walizidi asilimia 79. Kura za walioondolewa zilikuwa milioni 3 na laki 3 hivi, na zote zikapitiwa upya kutafuta 2 na 3. Zilizokuwa na la kusema juu ya wawili waliobaki hazikufika laki 3: zilimwongezea Anura 105,264 na Sajith 167,867. Maana yake ni kwamba mfumo mzuri kiasi hicho haukutumiwa hata na mtu mmoja kati ya kumi wa wale ambao ungewafaa. Wengi waliweka X yao wakaondoka. Sajith alipata zaidi kwenye duru hiyo na bado haikutosha. Jioni Anura akatangazwa rais kwa kura 5,740,179. Mwaka 2019 alikuwa amepata asilimia 3.

Majirani walishangilia kwa sauti ya chini, wakiheshimu nyumba ya watu, kwa sababu Anti hakuwa ameonyesha upande. Walipoondoka ndipo akafungua kinywa.

Desemba 1988, akiwa mwalimu kijana, alipangiwa kituo kusini mwa nchi. Chama cha JVP, chama cha Anura huyuhuyu, kilikuwa katika uasi wake wa pili, na kilikuwa kimeamuru watu wasusie uchaguzi wa rais. Waliokaidi baadhi waliuawa, kama ambavyo serikali nayo, kabla na baada, iliua vijana kwa maelfu na kuwachoma kwenye matairi kando ya barabara. Nchi nzima walijitokeza asilimia 55, lakini wastani huo hauonyeshi vijiji kama kile. Dada yake alimfichia viatu asiende. Alikwenda na kandambili.

“Walikuja wachache, nikawa nawajua kwa sura. Mmoja alikuwa bibi kipofu. Nilimsomea majina, akaniambia, soma tena, sina haraka. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.” Alikaa mpaka saa ya kufunga, akaandika ripoti, akasindikizwa na lori la jeshi.

“Na leo?” nikamuuliza.

“Leo wamekuja kwa foleni kama watu wengine, wakasubiri kura zihesabiwe. Mimi nahesabu hilo.” Akafunga daftari. Alimpigia nani hakusema, na umri wake haukuniruhusu kuuliza mara ya pili.

Jumatatu nilikwenda Galle Face. Anura aliapishwa asubuhi mbele ya Jaji Mkuu katika Sekretarieti ya Rais, lile jengo la nguzo la Bunge la zamani lililofunguliwa 1930, ambalo ngazi zake mwaka 2022 zilifurika waandamanaji. Ng’ambo ya barabara, ufukweni, mchuuzi aliniuzia bajia za dengu zenye kamba wawili wazima juu yake, vichwa na ndevu, akamwagia kachumbari ya pilipili. Biashara, alisema, ilikuwa nzuri zaidi wakati wa maandamano. Jioni hiyo watu walikuwa wakirusha tiara.

Rais mpya alikuwa na wabunge watatu kati ya 225. Kesho yake akamteua Harini Amarasuriya kuwa waziri mkuu, akalivunja Bunge, na Novemba 14 muungano wake ukapata viti 159, Jaffna ya Watamili ikiwemo, na Nuwara Eliya pia. Wingi wa namna hiyo ndio uliomlevya Jayewardene. Mabaraza ya majimbo, yaliyoundwa kuwapa kaskazini na mashariki sauti yao, hayajapigiwa kura tangu 2014, na wingi wa viti 159 si sababu ya kuchelewa tena.

Madiwani hatimaye walichaguliwa Mei 6, 2025, zaidi ya miaka miwili baada ya siku yao. Anti alinitumia ujumbe wiki chache baadaye. Diwani mpya amekuja, kijana mpole, ameutazama mtaro, ameupiga picha, na kwa sasa ndiyo hayo.